Binti Yangu Alipokosa Pumzi ya Kunisomea

Siku moja nilikaa na mwanamke kwenye benchi la kliniki ya kifua, miguu yake imefura, binti yake amemlalia begani. Aliniuliza, "Wewe ulijuaje kwamba wako ni mgonjwa?" Nikamjibu kwamba nilijua kwa sababu ya kitabu cha hadithi. Alinitazama kama mtu anayedhani anafanyiwa mzaha. Kabla sijamweleza, jina lake likaitwa, akainuka na mtoto wake wakaingia ndani. Sikumwona tena. Haya ndiyo ningemwambia kama foleni ingekuwa ndefu zaidi.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Wakati huo tulikuwa tunapanga vyumba viwili Matisi, hapa Kitale. Mume wangu, Simiyu, alikuwa anauza nguo na maharagwe Lwakhakha, mpakani, na nyumbani alikuja mwisho wa wiki. Mtoto wetu ni mmoja tu, Nekesa, aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa. Ulikuwa mwaka ule karo ya shule za msingi ilipofutwa. Wazazi waliwakimbiza watoto darasa la kwanza, hata wale ambao hawajajua kushika penseli, na sisi wa chekechea tukabaki na madawati matupu. Kila mwalimu alikuwa anaogopa kuambiwa asirudi. Kwa hiyo mgongo ulipoanza kuniuma, wakati watu wanapanda mahindi, nilinyamaza nikaendelea kufundisha.

Wote walisema ni kuinama. Nilipakwa dawa za kuchua, nikalazwa juu ya ubao, nikaambiwa nibadilishe godoro. Kisha jasho likaanza, jasho la kulowesha shuka wakati wengine wamejifunika blanketi mbili. Kisha nikagusa mgongo nikakuta fundo ambalo halikuwepo. Asubuhi moja nilitembea kutoka jikoni hadi mlangoni, Nekesa akasema, "Mama, umeacha patipati moja kule." Nilikuwa sijahisi ikitoka mguuni.

Hospitalini nilikaa kwenye ukumbi wa eksirei tangu umande ungali kwenye nyasi mpaka jua likawa juu ya mabati. Waliokuja baada yangu waliingia, wakatoka, wakaenda zao. Mwishowe daktari akaniita, akaishika ile picha akaielekeza dirishani. Akaishusha, akaiinua tena.

"Mama, umekuja na nani?" akauliza.

Ilikuwa kifua kikuu, lakini si cha kifua. Kilikuwa kimekaa kwenye uti wa mgongo na kilikuwa kinaula. Nilipimwa virusi vya ukimwi, Simiyu naye akapimwa, na sote wawili hatukuwa navyo. Watu wa Matisi hawakungoja majibu hayo. Wazazi wengine waliacha kunisalimia kwa mkono. Nilifungwa plasta ngumu kutoka kwapani hadi kiunoni, nikapewa vidonge vingi, nikaambiwa nilale chali na nisijaribu kuketi mpaka waseme wao.

Wifi yangu, Trufena, dada ya Simiyu, aliacha shamba lake Sirisia akaja kuniuguza. Ni mjane, mtu wa kanisa, mkono wake mzito na moyo wake mzito vilevile. Aliniosha, alinigeuza, alitoa beseni langu asubuhi na jioni bila kukunja uso, hata siku ya kwanza mkojo ulipotoka rangi ya machungwa tukadhani ni damu. Dawa ndizo zilizofanya hivyo. Hakuna aliyetuambia, na tulishinda siku nzima tunatazamana kwa woga. Ukianza vidonge vile, ujue mapema: machozi pia yanaweza kubadilika rangi.

Mwili ulio ndani ya plasta si wako tena. Unawasha mahali usipofika. Nekesa alikuwa akirudi shuleni anachukua sindano ya kufumia, anaiingiza polepole kati ya plasta na ngozi, ananikuna, nami nafunga macho. Siku ambayo hatukuwa na la kuongea tena, akatoa kitabu kwenye mkoba.

Kilikuwa cha Kiingereza, alichoazima kwa rafiki yake darasani. Hakikuwa na jalada, kwa hiyo hatukujua kinaitwaje wala nani alikiandika. Kilikuwa kimoja cha vile vitabu wasichana walikuwa wanapokezana chini ya madawati, vya mapenzi kati ya msichana na kijana ambaye si mtu. Hiki kilikuwa na msichana aliyeishi kando ya ziwa la baridi. Kijana aliyezama humo zamani, kabla ya nyanya ya yule msichana kuzaliwa, alikuwa anarudi kila ukungu unaposhuka. Alikuwa mpole, hakumtisha. Alimwomba tu ashike mkono wake apate joto. Kila waliposhikana mikono, joto lililoingia kwake lilitoka kwa msichana na halikurudi. Watu wa kijiji walianza kusema jinsi msichana alivyokuwa mzuri. Nyayo zake kwenye umande zikawa nyepesi, kila siku nyepesi zaidi.

Mimi si mtu wa hadithi za wafu. Kilichonishika ni jinsi kitabu kilivyoandikwa. Sentensi moja ingeanza juu ya ukurasa, ikatembea na ukungu juu ya maji, ikapanda ukuta, ikapenya dirisha bovu, ikazunguka kitanda cha yule msichana ikitazama nywele zake na mikono yake na kikombe alichoacha nusu, ikatoka tena nje bila kukutana na nukta. Nekesa aliisoma kwa Kiingereza kwa pumzi moja, kama mtu anayevuka mto bila kusimama, halafu akanipa kwa Kiswahili. Nilikuwa nimelala nikiangalia mabati, siwezi hata kugeuza kiuno, lakini nilipita juu ya lile ziwa.

Trufena alisikiliza siku ya kwanza akichambua mboga. Siku ya pili aliweka sinia chini.

"Mama Nekesa, hicho kitabu ni cha wafu," akaniambia, kisha akamgeukia Nekesa. "Mtu amelala hivi, hajui kama atatembea, halafu unamsomea ati maiti inaomba mkono?"

"Ni hadithi tu, anti," Nekesa akasema.

"Hadithi ni ya sungura. Hiyo ni kitu ingine."

Akaleta akina mama wa kanisa wakaniombea, mmoja ameweka mkono juu ya plasta yangu. Sikuwazuia. Nilihitaji kila kitu. Lakini tangu siku hiyo tulisoma Trufena akiwa sokoni.

Baridi ya Julai ilikuja. Mlima Elgon ulipotea kabisa, na ukungu ulikuwa unashuka mpaka kwenye paa za Matisi na kukaa hapo hadi saa ya chai. Nekesa alianza kukohoa. Alisema ni vumbi la chaki, kisha akasema ni moshi wa jiko, kisha akaacha kueleza, akawa anatoka nje kukohoa, anarudi. Mama Shiru, jirani yetu mwenye duka, alikuja kunijulia hali na maziwa ya mgando, akamtazama Nekesa akipita.

"Huyu msichana amekuwa mrembo, hata sikumjua," akasema. "Shingo imetoka vizuri. Macho nayo, yanang'aa tu."

Vijana wa barabarani walikuwa wanamwita msupa, mrembo wao. Mwenyewe aliyacheka hayo. Mimi nilimtazama kutoka pale chini nilipolala, ambapo mtu huona vitu ambavyo aliyesimama haoni: mfupa wa taya, mikono ya sweta iliyokuwa inaning'inia, mashavu mekundu jioni, yenye rangi asiyokuwa nayo asubuhi. Kila mtu alikuwa akimsifu. Na kwenye kitabu pia tulikuwa tumefika mahali kila mtu anamsifu yule msichana.

Sikutaka kuwaza nilichokuwa nawaza. Nilijiambia ni akili ya mtu wa kitandani.

Alasiri moja Trufena alikwenda sokoni. Nilimwambia Nekesa arudie ile sehemu ya dirisha, ile niliyoipenda, ambayo alikuwa ameshanisomea mara kadhaa. Akafungua, akasoma. Ilikuwa fupi. Ukungu ulipanda ukuta ukafika kitandani, lakini haukuona mikono wala kikombe. Ulitoka haraka, na katikati kulikuwa na nukta.

"Soma yote," nikasema.

"Nimesoma yote."

"Kikombe kiko wapi?"

Akageuza ukurasa. Nikaanza kusema mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha ualimu, vile vipande vilivyoachwa, kimoja kimoja, kwa sababu nilikuwa navijua kama sala. Nilipofika mwisho nikamwangalia. Alikuwa amekilaza kitabu magotini na mkono mmoja umeshika ubavu.

"Mama, ni ndefu," akasema. "Siku hizi ni ndefu."

Nikakumbuka kurasa zote za wiki zile, jinsi hadithi ilivyoonekana kuanza kukimbia, jinsi nilivyodhani mwandishi amechoka. Binti yangu ndiye aliyekuwa anazikata. Alikuwa anatafuta mahali pa kupumua na kuniwekea nukta ambazo hazikuwepo, ili nisijue.

Nikamwambia ainame. Sikuweza kuketi, kwa hiyo aliniwekea kifua chake sikioni, kama nilivyokuwa nikimfanyia akiwa mchanga. Alikuwa wa moto kupita kiasi. Ndani kulikuwa na sauti ya kukwaruza, kama mtu anayekanyaga majani makavu upande wa pili wa ukuta.

"Unatoa nini ukikohoa?"

"Hakuna kitu."

"Nekesa."

"Mara moja tu kulikuwa na damu. Kidogo. Mama, usimwambie Baba. Nikilazwa nani atakukuna? Na mtihani? Na hao watu huko nje watasema nini, si wameshasema ya kutosha?"

Nilimwambia kesho aende hospitali. Akakataa. Nilipaza sauti. Akasema, bila ubaya wowote, "Utanipeleka vipi?" akatoka nje kukohoa. Simiyu alikuwa Lwakhakha na simu yake haikuwa inashika. Nililala pale na plasta yangu. Amri ya mtu asiyeweza kuinuka haifiki hata mlangoni.

Aliyebaki ni Trufena. Kesho yake, Nekesa akiwa shuleni, nilimwambia kila kitu alipokuwa anatoa vitunguu kwenye kikapu. Hakushangaa.

"Mimi nilisema," akasema. "Hicho kitabu kinamkausha mtoto. Nimemwona tangu mwezi uliopita. Ngoja nimwite mchungaji."

"Wifi, ni kifua. Ni kama huu ugonjwa wangu."

"Wako uko kwa mgongo. Wewe hukohoi. Yeye ametoa wapi?"

Baadaye nilimwuliza daktari kama ni mimi niliyemwambukiza, akasema hakuna atakayejua, kwamba hata darasani watu hukoholeana. Siku hiyo sikubishana. Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho Trufena alikitaka, na kilikuwa chini ya mto wangu.

"Nitakupa kitabu," nikamwambia. "Kichome. Kichome hapo uani, mlango ukiwa wazi ili nione. Lakini kesho asubuhi unampeleka hospitali, makohozi yapimwe, na urudi na jibu."

Akafikiria sana. "Na kama ni pepo?"

"Kama ni pepo, hospitali watasema hawajaona kitu. Utamwita mchungaji, nami sitakuzuia."

Akanyoosha mkono.

Nekesa alirudi shuleni akakuta moshi bado umekaa uani. Aliangalia jivu, akaingia, akamwangalia shangazi yake, kisha mimi. Nilisema mwenyewe, kwa sababu sikutaka Trufena abebe hilo.

"Ni mimi niliyekitoa."

Nilidhani atalia. "Tulikuwa karibu kumaliza," akasema tu. "Na hakikuwa changu." Asubuhi alivaa sare yake na sweta, akapanda baiskeli ya boda nyuma, Trufena baiskeli nyingine. Hakuniaga. Nafikiri alikubali kwenda ili asibaki chumba kimoja nami.

Siku za kungoja makohozi sitaki kuzirefusha. Mnaongoja mnazijua. Siku ya jibu Trufena alirudi peke yake, Nekesa akiwa amebaki kungoja dawa na kumwambia atangulie. Alisimama mlangoni na kitambaa chake cha kichwa, hakukivua kama kawaida.

"Wameona," akasema. Akaketi kwenye kigoda, akashika goti lake. "Wamesema mapafu yote mawili. Wamesema tungechelewa zaidi kidogo..."

Hatukuweza kuwa wagonjwa wawili katika vyumba vile. Daktari alitaka Nekesa akae mahali penye hewa, na Trufena asingeweza kutulea sote. Simiyu alikuja, akaulizia mambo ya dawa mara nne tano kana kwamba ni mlango uliofungwa na yeye ana funguo nyingi. Siku iliyofuata akampeleka Nekesa Sirisia kwa mama yake, ambaye sote tunamwita Kukhu, yaani nyanya. Kliniki ya kuchukulia dawa ilikuwa karibu na soko. Nekesa alinisogelea kabla ya kuondoka, akarekebisha blanketi langu miguuni, akaenda. Sikujua kama ni kwaheri au ni mazoea.

Mahindi yalikauka mashambani. Simiyu alipata namna ya kunipigia kupitia simu ya Mama Shiru, ambaye angeacha duka lake na kuja mbio, anaishikilia karibu na sikio langu. "Anaendelea vizuri," Simiyu angesema. Ilikuwa ile sauti anayowatolea wateja, na nilimwambia hivyo.

"Macho yake yamekuwa manjano," akasema. "Ini limezikataa dawa. Tuko Bungoma, wamemlaza. Wamesimamisha vidonge vyote."

"Vyote? Na ugonjwa je?"

"Wamesema tungoje."

Wiki zile ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote, mbaya kuliko siku ya patipati. Ndani ya binti yangu kulikuwa na kitu kinachomla, na hakuna aliyekuwa anakizuia, kwa sababu dawa ya kukizuia nayo ilikuwa inamuua. Kila asubuhi Trufena alifungua dirisha na ukungu ulikuwa pale nje, mweupe, umetulia. Kitabu kilikuwa jivu na bado nilimwona yule kijana. Niliona kwamba hana haraka. Nilikuwa namwomba Trufena afunge dirisha, naye alifunga bila kuniuliza, na nadhani alijua. Siku moja alisema akiwa amenipa mgongo, "Nilifikiri tukikichoma itaisha."

"Mimi pia," nikasema. Sikuwa nimejua kwamba ni kweli mpaka nilipolisema.

Kiangazi kilipoanza nilikatwa plasta. Msumeno ulipiga kelele, vumbi jeupe likajaa mdomoni, na ngozi iliyokuwa chini ilitoka kama maganda ya kitunguu. Nilikuwa nimepungua kimo. Bado nimepungua, sketi zangu zote nilizikunja upya. Nikafungwa korseti ya kushika mgongo, nikaanza kujifunza kusimama nikimshika Trufena mabega, miguu inatetemeka kama ya ndama. Mara ya kwanza nilifika dirishani, mara nyingine mlangoni. Nilipoweza kufika kwenye choo cha uani na kurudi, nikasema tunakwenda Bungoma.

Wodi ile ilikuwa ya wanawake. Niliingia polepole, mkono ukutani, nikimtafuta mtoto wangu kati ya vitanda, na sikumjua. Nilisikia sauti kwanza. Kitanda cha pembeni, chini ya dirisha lililo wazi, kulikuwa na msichana aliyenyolewa nywele, macho bado yana rangi ya manjano, na wanawake wameketi kwenye vitanda vya jirani wamemwelekea. Alikuwa anawasimulia habari ya ziwa.

Alisema maneno machache, akapumzika. Maneno machache, akapumzika. Hakuna aliyemharakisha. Mmoja alikuwa anasuka ukili, mwingine amefumba macho. Alipofika mahali yule kijana anaomba mkono, mwanamke mmoja mzee, aliyekuwa na chupa ya kukingia maji yanayotoka ubavuni ikining'inia chini ya kitanda, akakatiza.

"Huyo kijana hafai," akasema. "Mtu ati anakupenda, halafu wewe ndio unakonda?"

"Lakini anampenda kweli, nyanya," Nekesa akasema.

"Apende akiwa huko majini. Mwambie huyo msichana arudi nyumbani akunywe uji."

Wodi nzima ikacheka, cheko za wagonjwa, zinazoishia kwenye kikohozi. Nekesa naye alicheka. Ndipo akaniona. Kicheko kikatoka usoni. Akaitazama korseti, akaitazama miguu yangu.

"Umetembea?" akauliza.

"Nimetembea."

Akasogea kidogo kitandani kunipa nafasi. Niliketi kwenye ukingo, mgongo umenyooka kama ubao kwa sababu haukuweza vingine, akaendelea kuwasimulia. Sikumgusa. Nilisikiliza kama wale wengine. Hapo kitabu kilipoishia kwetu, kila mmoja alikuwa na mwisho wake, na waligombana mpaka sista akaja na trei ya dawa. Mwisho wa kweli hatukuujua, na hatujaujua mpaka leo. Rafiki mwenye kitabu alisamehe, lakini hata yeye alisema hakumbuki vizuri.

Mwezi uliofuata ini lilitulia. Walimrudishia kidonge kimoja, wakangoja. Kingine, wakangoja. Kila kimoja tulikitazama kikimezwa kama watu wanaotazama mtu akivuka daraja bovu. Cha mwisho kilipokaa bila macho kugeuka, Kukhu akamrudisha Sirisia, akamlisha mayai na uji wa wimbi mpaka akachoka navyo.

Kama umelala sasa na unasoma haya, au unamuuguza mtu, nina machache tu. Macho yakigeuka manjano usingoje kliniki ijayo, nenda siku hiyo hiyo. Mtu akianza kusifiwa kwa kukonda, mwangalie vizuri. Na anayekuuguza, hata kama mnagombana juu ya pepo, mpikie chai ukipona. Trufena alirudi kwenye shamba lake akakuta magugu yamefika kiunoni, na hakunitajia hata mara moja. Mimi na Simiyu tulikwenda tukampalilia, mimi nikiwa nimeketi kwenye kigoda nikisogea mstari baada ya mstari.

Nekesa alimaliza dawa mvua za kupanda zikiwa zimerudi. Siku ya mwisho nilikwenda naye kliniki ya Sirisia. Tulikaa foleni, tukaitwa, daktari akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akaitazama picha. Alisema kuna kovu upande wa kulia ambalo litabaki, na kwamba hatakuwa mkimbiaji. Kisha akasema amepona. Ilikuwa rahisi hivyo. Tukatoka, na tulikuwa hatujui la kufanya na mikono yetu.

Njia ya kwenda kwa Kukhu ni mlima, na ilikuwa matope. Tulipopita posho mili, kinu cha kusagia mahindi, Nekesa akasema, "Mama, mimi bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Hapana, hujui. Kunipeleka hospitali ulikuwa na haki, hiyo nimekubali, hata daktari alisema, lakini kile kitabu hukuwa na ruhusa ya kukitoa, ungeniambia, ungenipa hata jioni moja tu nikimalize nikiwa peke yangu, halafu wewe mwenyewe ungemwambia anti akichome, na mimi ningeenda, ningeenda Mama, kwa sababu nilikuwa naogopa kuliko wewe, nilikuwa naona ile damu na naenda darasani naketi na sijui nimwambie nani, na nilipofika nyumbani nikapata moshi, nikafikiri sasa hata huyu ameniacha..."

Aliendelea. Tulipita kanisa, tukapita mahali ng'ombe wanapovukia, mlima ukawa mkali, na aliongea tu, mikono inakwenda huku na huku. Mimi ndiye niliyekuwa nahema. Korseti ilinibana, mgongo uliniuma, nilitaka sana kusimama kwenye jiwe nipumzike, na sikusimama, kwa kuogopa kwamba nikisimama atanyamaza.

Kukhu alitusikia akatoka mpaka kwenye lango, mkono juu ya macho.

"Kwani kuna nini?" akaita. "Mtoto anamgombeza mama yake barabarani, watu wanasikia."

"Mwache, Mama," nikamwambia. "Mwache aseme."

Akatutazama, mmoja baada ya mwingine, akafungua lango, na Nekesa akaingia bado anaongea.